Mtoko wa Nyumbani Uanzie Mikononi mwa Baba

Wanandoa wenye watoto wadogo wanahitaji jioni yao wawili, ndani ya nyumba yao, katika siku inayojulikana. Nasema wanahitaji, kwa sababu nimeona ndoa nyingi Arua na Koboko zikikauka bila ugomvi wowote, watu wawili wakibaki kuwa wasimamizi wa watoto na karo. Na jioni hiyo haiji kwa mishumaa, kuku wa kuchoma wala nguo mpya ya kulalia. Inakuja pale mwanamume anapozichukua kazi za kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, akazifanya mwenyewe hadi zikaisha.

Mimi ni mama wa watoto watano. Nauza vitenge sokoni Arua, vingi vikiwa vimepitia Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Mume wangu ni wakala wa forodha Oraba, kule mbele ya Koboko ambako lori likivuka kizuizi limeingia Kaya, Sudan Kusini. Siku za kazi analala huko, Ijumaa jioni anarudi. Zamani, kabla barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, haijawekwa lami, mvua ikinyesha tulijua hatumwoni wiki hiyo. Lami imemrudisha nyumbani. Ila mtu anaweza kurudi nyumbani kila wiki na bado asikutane na mkewe, maana anamkuta amezama katika kazi ambazo hakuna anayemsaidia.

Tuzihesabu kazi hizo. Hapa kwetu karibu na ikweta giza huingia saa moja, Januari hadi Desemba. Kati ya kufunga meza sokoni na kuingia kwa giza, mwanamke ana maji ya kuteka, moto wa kuwasha, enyasa ya kusonga, mboga ya kuchambua, watoto wa kuogesha, madaftari ya kukagua, sare za kesho za kutafuta, na vyandarua vya kushusha mapema, kwa kuwa Nile Magharibi ni miongoni mwa sehemu za Uganda zinazoteswa sana na malaria. Akimaliza ni saa tatu na nusu. Ukimwambia wakati huo kwamba leo ni usiku wenu maalumu, umemwongezea kazi ya mwisho: avae vizuri, atabasamu, asisinzie. Mwanamke anayeikimbia jioni ya namna hiyo hajaacha kumpenda mumewe. Amechoka.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu ambao sisi tumeupoteza. Katika boma la Kilugbara wazazi walikuwa na nyumba yao, vijana wa kiume walipewa ya kwao wakishakua, na wadogo walilala kwa dede, bibi yao. Huko walisimuliwa hadithi, wakaonywa, wakafundishwa ukoo wao. Faida ya bibi kwa wajukuu inazungumzwa sana, lakini mpango ule uliwafaa wazazi pia. Kila jioni mtu mzima mwingine aliwachukua watoto kwa mapenzi, na baba na mama wakabaki na mlango wao. Hakuna aliyeuliza wanafanya nini huko ndani. Walikuwa mume na mke, basi.

Kisha historia ikatupitia. Baada ya Rais Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, vita na visasi vya 1980 vilivyofuata viliwasukuma watu wa mkoa huu kuvuka kwenda Zaire na Sudan. Mama yangu alikuwa msichana. Anasema upande wa Zaire walilala ukoo mzima chini ya paa moja la nyasi, na wazazi wake walijipatia nafasi ya kuzungumza kwa kwenda pamoja kutafuta kuni. Babu yangu alibeba shoka, bibi alibeba kamba, wakatembea polepole kuliko ilivyohitajika. Watu waliporudi walijenga upya kwa kile walichoweza kupata. Leo mji umekua, Arua ikapandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na viwanja vimekuwa vidogo, kodi imekuwa kubwa. Familia nyingi zinaishi katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho Uganda nzima tunakiita muzigo: kitanda upande huu, pazia katikati, watoto juu ya mikeka upande ule. Bibi yuko Koboko, au Maracha, au Terego. Wajukuu wanamwona Desemba.

Mwaka huo huo wa 2020 tulionyeshwa waziwazi ukubwa wa pengo hilo. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi tarehe 10 Januari 2022. Kulikuwa na kafyu, mipaka ilifungwa, baba waliozoea kuwa Juba au njiani wakajikuta ndani na familia zao usiku na mchana. Kuna waliodhani kwamba kukaa pamoja kungewaunganisha wanandoa. Majirani zangu kadhaa walitoka humo wakiwa mbali zaidi kuliko walivyoingia. Walikuwa katika chumba kimoja, saa zote, na hawakupata hata robo saa ya kuwa wawili. Kazi ya nyumba iliongezeka mara mbili na mikono ikabaki ile ile miwili ya mama.

Ninapolisema hili sokoni, wapo wanaojibu kwamba ni mambo ya Wazungu waliyoyaona kwenye filamu. Nawakumbusha dini zao wenyewe. Jirani yangu Hajati wa mtaa wa Oli, ambako Wanubi wameishi vizazi kwa vizazi, alinifundisha jambo ambalo sikulijua: katika Sura ya Nur, aya ya 58, Qurani inawaagiza watoto wa nyumbani kuomba ruhusa kabla ya kuingia kwa wazazi katika nyakati tatu, yaani kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya isha. Kwa hiyo mlango wa wazazi umewekewa saa zake katika Kitabu. Upande wetu Wakatoliki, Papa Francis aliandika wosia wa kitume wa Amoris Laetitia mwaka 2016, na humo anawasisitizia wanandoa kwamba mapenzi yanataka muda na nafasi, na kwamba wajiwekee desturi zao za kila siku na za sherehe. Hakuna Uzungu hapo. Hapo kuna imani mbili zinazojaza misikiti na makanisa yetu kila wiki, na zote zinasema wazazi wapewe saa yao.

Sasa nieleze tunavyofanya sisi, kwa kuwa ushauri usio na vitendo haumsaidii mtu.

Siku yetu ni Ijumaa. Watoto wanaijua kama wanavyoijua siku ya kwenda kanisani. Hatuwafichi. Tumewaambia: leo jioni baba na mama wana mazungumzo yao, ninyi mtakula mapema, mtasikiliza hadithi, mtalala. Mtoto akiumwa au akiota vibaya, anabisha hodi, nasi tunafungua. Wale wadogo walilia mwanzoni. Sasa wao ndio wanaomkumbusha baba yao. Mtoto aliyekua akiona wazazi wake wakitengeana muda, anajifunza ndoa bila kuhubiriwa.

Mume wangu akifika, anavua viatu na kuanza na karai. Anawaogesha wadogo wawili, anawapaka mafuta, anawavalisha. Mwanzoni alikuwa akiniita kila dakika: taulo liko wapi, sabuni ipi, huyu anavaa nini? Nilimwambia kwa upole kwamba kazi ambayo mimi lazima niisimamie bado ni kazi yangu. Akajifunza. Anakagua madaftari, anawapakulia chakula, anaosha vyombo pamoja na watoto wakubwa, anashusha vyandarua. Mimi wakati huo naoga. Nakaa chini. Nasuka nywele zangu taratibu au nanyamaza tu. Saa hiyo ya kunyamaza ndiyo inayonirudisha katika hali ya kuwa mke, kabla hata hatujakaa pamoja.

Chakula ni suala la haki. Katika muzigo harufu haina pazia. Ukikaanga samaki kwa ajili yenu wawili baada ya watoto kula mboga ya dodo tupu, wale watoto hawajalala, wamefumba macho tu na wanajua. Kwetu watoto hula kwanza, na wanakula kile kile. Kama kuna angara, wale samaki wa Mto Nile, basi wamo pia katika sahani zao, na ufuta wa kusaga umo katika mchuzi wao. Sisi tunajiwekea kitu kidogo kisichomnyima mtu: chai ya tangawizi katika chupa, karanga za kukaanga, pengine kipande cha sega la asali iliyotoka Koboko. Jioni nzima haifiki shilingi elfu tano. Wanaosema hawana pesa za mtoko wanafikiria hoteli, na hapo wana haki, maana sahani mbili za samaki, soda na bodaboda ya kwenda na kurudi, noti ya elfu hamsini haikurudishii chenji ya maana.

Tunakaa uani, kwenye mkeka, mlango wa watoto ukiwa mbele yetu. Mbu wakizidi tunaingia ndani. Umeme ukikatika tuna taa ndogo ya sola, na hatujawahi kuahirisha Ijumaa kwa ajili ya giza. Kizazi chetu kimekua Arua ya jenereta, kabla mtambo wa umeme wa Nyagak haujawashwa mwaka 2012, na tunajua kwamba watu huzungumza vizuri bila balbu. Redio huwa chini, vinubi vya adungu vikipigwa. Mara nyingi tunacheza matatu, ule mchezo wa karata unaochezwa kila kona ya Uganda. Kadi saba kwa kila mtu, na ile saba ya kukata ikimalizia mchezo ghafla. Nasisitiza mchezo kwa sababu wanandoa wengi wamesahau kucheka pamoja kwa kitu ambacho hakikufanywa na mtoto. Karata humpa mume mnyamavu pa kuanzia. Akishinda anaongea, na akishindwa anaongea zaidi.

Kuna mambo matatu yaliyopigwa marufuku kwenye mkeka huo: karo, ardhi na ndugu. Si kwamba hayana uzito. Yamepangiwa saa yake, Jumapili mchana baada ya misa, tukiwa na daftari na kalamu. Usipoyapangia siku, yatakuja yenyewe Ijumaa, na jioni itageuka kikao cha ukoo. Simu ya mume wangu pia ina mipaka. Madereva waliokwama Oraba humpigia usiku, na riziki yetu imo katika simu hizo, kwa hiyo sikumwambia aizime. Tulikubaliana zipokewe na mwenzake wa zamu kuanzia saa mbili hadi saa nne. Mtu mwenye kazi ya aina hiyo anaweza kupata wa kumshikia saa mbili, akimwomba mapema na akiwa tayari kumshikia naye.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wengi wanalipita. Nyumba nyingi za mkoa wetu zinanunua mapumziko ya wazazi kwa jasho la binti wa kwanza. Baba na mama wakitaka kukaa, msichana wa miaka kumi na mmoja anaambiwa ambebe mdogo wake, aoshe sufuria, awalaze wenzake. Yuko darasa la saba, ana mtihani wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, Novemba, na kaka yake yuko nje anacheza mpira. Huo si mtoko, ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwanamke mdogo zaidi. Ndiyo sababu nasema mikono ya baba. Watoto wakubwa wasaidie, wa kike na wa kiume sawa, lakini jukumu liwe la mtu mzima.

Pale ambapo mtu mzima wa pili hayupo, kuna jirani. Hajati na mimi tumebadilishana watoto kwa muda mrefu sasa. Jioni moja wangu wanakula na kulala kwake, jioni nyingine wake wanakuja kwangu. Wangu wanarudi wakijua kupika mkate wa gurusa, na wa kwake wanajua nyimbo za kwetu. Huyu ndiye dede wa mjini. Nyumba za kupanga zimejengwa milango ikitazamana uani, na uani kuna akina mama sita wanaochoka kwa wakati mmoja. Tukipeana zamu, kila mmoja anapata jioni yake bila kulipa senti. Ila watoto wapelekwe kwa mtu mnayemjua na kumwamini kweli, na wakirudi waulizwe walivyolala. Wajibu wa kuwalinda hauendi likizo.

Yapo mapingamizi niliyoyasikia mara nyingi, na yanastahili majibu.

La kwanza ni ulimi wa watu. Mwanamume akionekana na karai uani, wapo watakaosema amelishwa limbwata. Dada zake watakuja kutoka Koboko kumchungulia machoni. Mama mkwe wangu alipoona mara ya kwanza mwanawe akimpaka mtoto mafuta, alinyamaza chakula chote. Baadaye aliniambia kwamba baba mkwe, katika miaka yao ya uhamishoni, alimwogeshea watoto alipokuwa mgonjwa, na kwamba hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu aliona aibu kwa niaba yake. Wanaume wetu wamefanya haya siku zote vita na maradhi yalipowalazimisha. Naomba wayafanye siku ya amani, mchana kweupe, na wanawake tuache kuwacheka. Sisi wanawake ndio tunaoeneza habari ya limbwata kuliko mtu yeyote.

La pili ni mtoto anayenyonya. Mama mwenye kichanga hana jioni ndefu, na asidaiwe. Yeye apewe nusu saa ya kukaa na mumewe huku mtoto akinyonya, chai ikiwa imemiminwa na mtu mwingine. Hilo linatosha kwa miezi hiyo. Mume asiyeelewa hivyo hajajiandaa kwa mtoko.

La tatu ni umbali. Mkoa huu umejaa wake ambao waume zao wako Juba, jeshini, au barabarani, na katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule kuna kina mama waliovuka mpaka wakiwa na watoto, waume wakabaki nyuma au wakapotea. Siwezi kumwambia mwanamke huyo atandike mkeka wa wawili. Kwa wale ambao mume yuko hai na ana simu, naomba saa moja kwa wiki isiyo ya kutuma pesa wala kuuliza ada. Apige akiwa ametulia, amuulize mkewe habari zake yeye, si za watoto peke yake. Na kwa wale walio peke yao, jioni ya kupumzika ni haki yao pia. Jirani awachukulie watoto bila kungoja waombe.

La nne ni zito. Kuna nyumba ambamo mwanamke anaogopa jioni. Pombe imeingia, mkono unainuliwa. Nyumba hiyo haihitaji chai ya tangawizi. Inahitaji ulinzi, na Uganda ina Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani tangu mwaka 2010, inayompa mtu haki ya kupeleka malalamiko kuanzia mahakama ya kijiji na polisi hadi mahakamani. Mtu asichukue maneno yangu kumshawishi mwanamke anayepigwa kwamba angejipamba zaidi, mambo yangekuwa mazuri.

Nina ombi kwa viongozi wetu. Mafundisho ya ndoa, katika parokia zinazotazama kanisa kuu la Ediofe, kwa Waanglikana wa Mvara, na katika misikiti ya Oli, Koboko na Yumbe, huzungumza utii, uaminifu na mahari. Ongezeni swali moja kwa kila bwana harusi mtarajiwa, mbele ya mchumba wake: watoto wakija, jioni ipi ya wiki utawaogesha na kuwalaza wewe? Aitaje siku. Iandikwe. Watangazaji wa redio zetu za Arua na Koboko, wanaotupatia ushauri wa mapenzi kila usiku, nao waache kuwauliza wanawake wamefanya nini kumvutia mume. Wawapigie wanaume na kuwauliza waliosha vyombo lini.

Na kwa mwanamume anayesoma gazeti hili, usimtangazie mkeo mpango mkubwa. Chagua siku, waambie watoto, fanya kazi za jioni hiyo mwenyewe bila kusifiwa, na uzirudie wiki ijayo na ile itakayofuata. Mkeo hataamini mara ya kwanza. Endelea mpaka aamini, kwa sababu unaye mwenzako ndani ya nyumba hiyo ambaye amekuwa akiwahudumia nyote, na watoto wakishaondoka utabaki na yeye miaka mingi. Jueni kuzungumza kabla ya siku hiyo.